Bahari imechafuka, picha imegoma: kutafuta chanzo kwa kusoma dalili

Picha ya mawimbi ikiharibika, wengi hubadilisha kila kitu kwa mpigo. Kasi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) inapandishwa, tundu la lenzi linabanwa, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) inachezewa, na mwishowe haijulikani kilichosaidia ni kipi. Kuna njia fupi zaidi. Fungua picha kwenye skrini ya nyuma, ikuze hadi asilimia 100, na usiangalie wimbi kwanza. Angalia mwamba.

Mwamba hausogei. Ukitoka na mipasuko na mikwaruzo yake yote, ujue kamera ilitulia na fokasi ilishika. Kasoro iko kwenye maji, kwenye mwanga au kwenye wakati uliobonyeza. Mwamba wenyewe ukiwa umefifia, usilaumu wimbi. Uchunguzi karibu wote unaofuata unaanzia hapo.

## Mwamba na maji vyote vimefifia, picha ina moshi

Shuku chumvi kabla ya kitu kingine chochote. Bahari ikipiga mwamba, manyunyu yake husafiri na upepo mbali kuliko unavyoyahisi usoni, na maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita. Tone likitua kwenye kioo cha mbele na kukauka, maji huenda zake na chumvi hubaki, kiduara cheupe chenye ukingo mzito kuliko katikati. Kiduara kimoja hakina neno. Vikiwa mamia, vinatawanya mwanga, weusi wa miamba unageuka kijivu, na ukielekeza lenzi kwenye jua kila kiduara kinawaka. Lenzi pana iliyobanwa hadi f/16 (namba hii ikipanda, tundu linapungua) ndiyo huvionyesha vibaya zaidi. Lenzi ndefu iliyofunguliwa huvimeza, ila picha nzima inapoteza nguvu bila wewe kujua kwa nini.

Ili kuhakikisha, usikitazame kioo uso kwa uso. Kiinamishe mpaka mwanga wa anga ukipitie kwa ubavu. Chumvi isiyoonekana ukikitazama kwa mbele itajitokeza yote.

Kufuta kwa kitambaa kikavu kunaongeza tatizo. Chembe zilizokauka zinaweza kukwaruza kioo, na zile ambazo bado mbichi zinasambaa kuwa utando mwembamba uliojaa kioo chote. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira. Kisha tumia kitambaa laini kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi, ukifuta kwa wepesi na kugeuza upande wa kitambaa kila mara. Cha kukausha kinakuja mwisho, na kiwe kingine kabisa. Chukua vitambaa vingi kuliko unavyodhani utahitaji, maana kikishalowa maji ya bahari kimekwisha kazi kwa siku hiyo. Filta ya kinga mbele ya lenzi siitumii kwingineko, lakini kwenye manyunyu siitoi: inafunguliwa, inasuuzwa kwa maji matamu, inarudi, na lenzi yenyewe haiguswi. Tena baadhi ya lenzi zinazotajwa kuwa hazipitishi maji hukamilika kinga yake pale tu filta inapofungwa mbele.

Kati ya wimbi na wimbi, ipe kamera mgongo wa upepo au ifunike. Mpigaji anayeacha lenzi ikitazama bahari dakika kumi akisubiri wimbi zuri atalipata wimbi hilo kupitia kioo kichafu.

Kioo kikiwa safi na moshi ungalipo, kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni jasho la lenzi: kamera iliyotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ikiingia kwenye hewa ya joto na unyevu huvaa ukungu, na ukiufuta unarudi. Tiba yake ni kuiacha ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto la nje. La pili si ugonjwa hata kidogo. Mwamba wa karibu ukiwa mkali na wa mbali ukiwa umefifia, hiyo ni hewa yenyewe, imejaa manyunyu. Iache. Ndiyo inayotenganisha mwamba na mwamba na kuipa picha kina.

## Mwamba umetikisika au una kingo mbili

Kwenye mchanga, picha ya sekunde nzima au zaidi huharibiwa na mchanga wenyewe. Maji yanaporudi baharini huchimba pembeni mwa kila mguu wa tripodi, na mguu huzama kidogo shata ikiwa wazi. Kwenye picha utaona ukingo wa mwamba umejirudia, mstari juu ya mstari. Kandamiza miguu kwa nguvu huku ukiizungusha, acha mawimbi mawili matatu yapite tripodi ikitulia, ndipo uanze kupiga. Ikiendelea kuzama, hamia juu ya jiwe, au piga kabla maji hayajaigusa.

Kama hakuna kingo mbili bali ukungu usio na mwelekeo, shuku upepo. Shusha tripodi, rudisha nguzo ya kati chini kabisa, na uvue mkanda wa kamera, maana upepo ukiupigapiga mkanda, kamera nayo inatetemeka. Begi la kuning'iniza chini ya tripodi linasaidia likigusa ardhi. Likibembea hewani linafanya kazi ya upepo. Zima pia kidhibiti mtikisiko cha lenzi au cha kamera, kwa sababu baadhi ya mifumo, ikikuta kamera imetulia tuli, huanza kutafuta mtikisiko usiokuwepo. Na tumia rimoti badala ya kidole.

Upepo ukizidi kabisa, achana na tripodi. Kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde na kuendelea, mikono yako inatosha, na uhuru wa kugeuka upesi una faida kuliko uthabiti wa kifaa kinachoyumba.

Kuna ukungu mwingine unaodanganya: picha imefifia kidogo, kila mahali, sawasawa. Tazama tundu. Ukibana hadi f/22 ili upate kasi ndogo, mwanga unaopita kwenye tundu dogo hivyo husambaa na kulainisha kila kitu. Rudi f/8 au f/11, na kazi ya kupunguza mwanga iachie filta ya ND, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi. Mwamba wa mbele ukiwa laini na wa nyuma ukiwa mkali, fokasi ilikwenda mbali; iweke kwa mkono na uiache hapo, kwa sababu fokasi ya kujiendesha hupotea ikikutana na ukuta wa povu jeupe.

## Mwamba mkali, maji hayana umbo

Soma kasi uliyotumia. Ikiangukia kati ya 1/30 na 1/125, umepata jibu. Katika kasi hizo maji hayagandi wala hayatiririki. Yanatoka kama mpigaji aliyeteleza kidole. Chagua upande mmoja na uende wote.

Ukitaka nguvu ya kishindo, matone yakining'inia hewani moja moja, anzia 1/1000. Kwa lenzi ndefu iliyolenga povu la karibu, panda hadi 1/2000. Mwanga wa dhoruba ni hafifu, kwa hiyo ISO itafika 800 au 1600, na wengi hapo ndipo huogopa na kuirudisha chini. Usiirudishe. Chengachenga kidogo kwenye picha zinaweza kupunguzwa baadaye. Matone yaliyoburuzika hayarekebishiki.

Ukitaka mwendo, kazi iko kati ya robo sekunde na sekunde moja, na hapa wakati wa kubonyeza una uzito kuliko namba yenyewe. Tazama maji yanavyopanda ufukweni: yamejaa povu, yamefunika mawe yote, na ukipiga hapo utapata shuka jeupe lisilo na mstari hata mmoja. Subiri. Maji yakifika mwisho wa kupanda, yatasita kidogo, kisha yataanza kurudi yakipasuka kwenye kila jiwe na kuliburuza povu kwa mistari. Bonyeza mara tu yanapoanza kurudi. Kwa nusu sekunde mistari hiyo inaonekana, na macho ya mtazamaji yanaifuata hadi kwenye wimbi linalofuata. Maji yakishuka kwa kasi kwenye mteremko mkali, robo sekunde inatosha. Kwenye ufukwe uliolala, sogea karibu na sekunde nzima.

Sekunde 30? Hugeuza bahari kuwa ukungu laini. Kwa bahari tulivu chini ya mawingu yanayokimbia inapendeza. Kwa dhoruba, mimi naona ni kuifuta dhoruba yenyewe, kwa sababu wimbi ulilotoka nyumbani kulifuata halimo tena kwenye picha.

Filta ya ND ndiyo inayokuruhusu kuchagua. Tuseme bila filta kamera inataka 1/60. Filta ya stopu 3 (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu) inakupa takriban 1/8, ya stopu 6 inakupa sekunde moja, ya stopu 10 inakupa sekunde 16 au 17. Kwa mawimbi, ya stopu 6 ndiyo inayofanya kazi siku nyingi. Jua likishuka chini kabisa, ya stopu 3 inaishika nafasi yake, na ile ya 10 mara nyingi inabaki begini. Ukiona msalaba mweusi umekaa angani, hiyo ni filta ya ND ya kuzungusha iliyokazwa kupita kiasi kwenye lenzi pana. Ilegeze au tumia ya kiwango kimoja.

Dalili jirani ni hii: kasi ni sahihi, lakini kishindo kimeshapita kila unapobonyeza. Jicho likishaona kishindo, kidole kinachelewa karibu robo ya sekunde, na povu halikusubiri. Usisubiri wimbi ligonge. Anza kupiga mfululizo pale linapojiinua mbele ya mwamba.

## Wimbi lilikuwa kubwa, kwenye picha ni dogo

Lenzi pana ndiyo mshukiwa. Kwa milimita 16, wimbi lililo mita thelathini mbele linarudishwa nyuma na kuwa mkunjo tu kwenye upeo wa macho, huku mawe ya miguuni pako yakivimba. Badilisha lenzi, ya milimita 70 hadi 200, urudi nyuma na ulilenge wimbi lenyewe. Pili, shuka. Ukisimama juu ya genge, bahari inatandazwa chini yako na mawimbi yanalala. Ukipiga kutoka mahali pa chini palipo salama, mgongo wa wimbi unavuka mstari wa upeo na kuonekana ulivyo.

Hata hivyo, wimbi peke yake halina kipimo. Jicho linahitaji kitu linachokijua ukubwa wake. Picha ya mnara wa taa wa La Jument, pwani ya Bretagne nchini Ufaransa, iliyopigwa na Jean Guichard kutoka kwenye helikopta mwaka 1989, inatisha kwa sababu ya mtu mmoja: mlinzi wa mnara amesimama mlangoni, na nyuma yake wimbi limeukumbatia mnara mzima. Mwondoe yule mtu, na wimbi linabaki povu kubwa lisilojulikana ni kubwa kiasi gani. Tafuta mnara, gati, ndege anayepita, mti juu ya genge.

Wakati mwingine bahari haikuwa na mawimbi ya kutosha, na utabiri ulisomwa nusu. Watu husoma kimo na kuacha muda kati ya wimbi na wimbi. Mita 2 kwa sekunde 7 ni vurugu ya upepo wa karibu. Mita 2 kwa sekunde 14 ni mawimbi yaliyotoka mbali, yenye nguvu nyingi zaidi, nayo yanapiga kwa kishindo kingine kabisa. Angalia na maji. Mwamba unaorusha povu juu wakati maji yamejaa unaweza kuwa mkavu yakitoka, na nyakati za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti hiyo ni kubwa zaidi kuliko wakati wa maji mafu.

## Mahali uliposimama pakavu pamelowa

Hii si dalili ya picha, lakini isome kabla ya zote. Mwamba uliolowa umeshafikiwa na wimbi, na litakalofuata halijaahidi kuishia hapo. Kimo kinachotajwa kwenye utabiri ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, kwa hiyo wimbi mojamoja linaweza kukaribia mara mbili yake. Mawimbi makubwa pia huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi bahari inaweza kupumzika dakika nyingi. Ukifika, kaa juu utazame nusu saa kabla ya kufungua begi. Ule ukanda mweusi wenye mwani kwenye mwamba unateleza na unaonyesha maji hufika wapi. Usiipe bahari mgongo ukitazama skrini. Na ukisikia ngurumo, kunja tripodi uondoke, usirudi mpaka ipite nusu saa bila ngurumo nyingine.

## Povu limeungua, au anga imekuwa nyeupe na mwamba mweusi

Kipima mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Povu likijaa kwenye fremu, kinaipa picha giza. Wingu jeusi likijaa, kinaongeza mwanga na povu lililokuwa na umbo linakuwa karatasi nyeupe. Ndiyo maana picha mbili zilizofuatana, mahali pamoja, zinatofautiana. Hamia kwenye mipangilio ya mkono. Piga wimbi moja kubwa, tazama histogramu (grafu ya mwanga wa picha) na alama za kumetameta zinazoonyesha palipoungua, punguza mwanga mpaka povu jeupe kuliko yote liache kumeta, kisha ubaki hapo. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Sehemu za giza zinaweza kuinuliwa baadaye kwa kiasi kikubwa. Povu lililoungua halina kitu cha kurudisha. Jua likipenya ghafla katikati ya mawingu, mwanga unaruka stopu mbili au zaidi kwa sekunde chache, kwa hiyo pima upya.

Ugomvi wa anga na bahari ni wa zamani. Miaka ya 1850 sahani za kupigia picha zilishika buluu kwa nguvu mno, na anga ikatoka tupu kila bahari ilipopata mwanga wake. Gustave Le Gray, aliyekuwa akipiga mawimbi huko Ufaransa mwaka 1857, alikuwa akichapa baadhi ya picha zake kwa negativu mbili, moja ya anga na moja ya maji, zikiunganishwa kwenye upeo wa macho. Leo kazi hiyo hufanywa na filta yenye giza nusu ya juu. Mpaka wake ukiwa mkali, unafaa pale upeo wa bahari ulipo wazi. Mwamba ukipanda juu ya upeo, mpaka mkali utaukata kichwa na kukiacha cheusi, kwa hiyo tumia wenye mpaka laini.

Waliozoea kupiga picha tatu za mwanga tofauti na kuziunganisha watakutana na mizimu: wimbi limeonekana mara tatu, kila moja mahali pake. Chukua maji yote kutoka picha moja, na nyingine ziachie anga na miamba tu.

## Anga ya dhoruba imetoka kijivu tupu, na wimbi halina rangi

Mwanga ule wa ajabu hauko katikati ya dhoruba. Uko ukingoni mwake, wakati jua liko chini na kuna uwazi kati ya wingu na upeo wa macho upande wa jua. Mwale unapita chini ya wingu na kupiga miamba iliyo mbele ya anga nyeusi. Kwa hiyo ukiona wingu limefunga hadi upeoni pande zote, hakuna mpangilio wa kamera utakaokuokoa: punguza anga kwenye fremu, ingia kwenye povu na mwamba, au piga ukifikiria picha ya nyeusi na nyeupe. Uwazi ukijitokeza, geuka pia nyuma. Upinde wa mvua huwa upande ulio kinyume na jua, nao hauonekani kutoka ufukweni jua likiwa juu ya nyuzi 42.

Rangi ya wimbi inategemea jua liko wapi. Likikupiga mgongoni, wimbi linarudisha mwanga wa juu tu na kuwa bati. Likiwa chini nyuma ya wimbi au ubavuni, linapenya kilele chembamba. Maji humeza wekundu kwanza, na kinachobaki ni ile kijani inayong'aa kwa sekunde moja kabla ya kuvunjika. Upepo unaotoka nchi kavu husaidia, kwani unalishikilia wimbi lisimame na kuyapeperusha manyunyu nyuma yake. Upepo wa kutoka baharini hulivunja mapema, na unakuletea chumvi kwenye lenzi.

Rangi ikitoka baridi kupita kiasi, au machweo yakikosa joto lake, acha mizani ya rangi ya kujiendesha. Iweke kwenye jua la mchana, karibu K 5500 (Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga). Rangi ya ajabu inayotokea pale tu unapofunga ND nzito ni ya filta yenyewe, na inarekebishwa kwenye RAW.

## Madogo ya haraka

Upeo umeinama: tumia kipimo cha usawa ndani ya kamera, usifuate mstari wa ufukwe, maana ufukwe unaoingia ndani ya picha huinama wenyewe. Upeo umepinda kama upinde: lenzi pana huukunja ukiwa karibu na ukingo wa juu au wa chini, usogeze kuelekea katikati au tumia marekebisho ya lenzi. Madoa ya kijivu angani, yasiyohama picha hadi picha hata ukisafisha kioo: ni vumbi kwenye sensa, na hujitokeza zaidi kwenye f/16. Usibadilishe lenzi penye manyunyu. Mng'ao wa ajabu katikati ya picha ya sekunde nyingi, kwa kamera yenye kioo cha ndani: mwanga umeingia kupitia kitundu cha kutazamia, kifunike.

## Kesho yake tripodi inakwaruza ikifunguliwa

Chumvi na mchanga vimeingia kwenye vifungio vya miguu. Siku ya kupiga, fungua kwanza kipande cha chini kabisa, ili vifungio vibaki juu ya maji. Ukirudi, fungua miguu yote, isuuze kwa maji matamu mengi, mguu mmoja mmoja, kisha iache wazi kivulini mpaka ikauke ndani. Ikikunjwa mbichi, chumvi inabaki imefungiwa humo humo. Kamera haisuuzwi: ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu wa maji matamu, ukianza na vitufe na sehemu lenzi inapofungwa, na betri uitoe tu baada ya kifuniko chake kukauka.